Suwaidi na Shahidi Aliyemchukia

Inasimuliwa, ndugu zangu katika imani, na namwomba aliye karibu na yule anayesinzia amguse bega maana kisa hiki si cha kusinzia, kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Iraki, zama za wema waliotangulia, aliishi mcha Mungu aitwaye Suwaidi bin Harithi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kazi yake ilikuwa muzakki. Zama hizo kadhi hakupokea ushahidi wa mtu asiyemjua mpaka amuulize muzakki kuhusu mwenendo wake. Muzakki akisema, "Ni mwadilifu," ushahidi umesimama. Akinyamaza, ushahidi umeanguka, wala haulizwi sababu.

Suwaidi alikuwa na ada yake. Hakumtaja mtu barazani ila kwanza ametawadha, na kusukutua kwake kulikuwa kurefu hadi watu wakimtania, "Sheikh, kwani umekula nini?" Naye huwajibu, "Bado sijala. Naogopa nisije nikamla mtu kwa ulimi."

Sasa mja mwema huyu alikuwa na adui. Msinikodolee macho, waja wema nao wana nyongo kama mimi na nyinyi. Adui yake alikuwa Zuhairi, fundi wa matofali, mtu wa sauti kubwa asiyejua kuremba maneno. Miaka saba nyuma Suwaidi alijenga msikiti mtaani kwake kwa mali yake na jasho lake. Ijumaa ya kwanza, watu wamefurika, wageni wametoka miji ya jirani, Zuhairi akasimama katikati ya safu akasema, "Ukuta huu wa kibla umepinda. Mnaelekea kwingine." Ulipopimwa, kweli ulikuwa umepinda. Ukabomolewa wageni wakitazama. Suwaidi aliujenga upya, ukanyooka, lakini tangu siku hiyo hakumpa Zuhairi mkono, na akimwona njiani huvuka upande wa pili. Hilo lilikuwa kosa lake, na waliotusimulia hawakulificha.

Siku moja, baada ya adhuhuri, Suwaidi akaitwa barazani kwa haraka. Akakuta uwanja umejaa pomoni. Mbele ya kadhi amesimama mjakazi aitwaye Rumana, shungi limemteleza na hana habari nalo. Bwana wake alifariki mwezi ule, na kabla ya kukata roho alitamka, "Wewe na binti yako ni huru kwa ajili ya Mwenyezi Mungu." Lakini mrithi, mpwa wa marehemu aitwaye Mughira, aliyakana maneno hayo, na asubuhi ile alikwisha kumuuza binti, Lubna wa miaka sita, kwa mtu wa msafara. Msafara uko kwenye lango la mji, ngamia wamefungwa mizigo, unangoja alasiri tu uondoke kwenda nchi ya mbali. Mnanielewa jamani? Mama yuko barazani, mwanawe yuko juu ya ngamia.

Maneno ya marehemu yalisikiwa na watu wawili. Wa kwanza alikuwa imamu wa mji, naye alijulikana, ushahidi wake ukapokewa. Na wa pili alikuwa nani? Zuhairi, fundi wa matofali. Kadhi alikuwa mgeni katika mji, hakumjua.

"Baraza langu linafungwa muadhini akimaliza adhana ya alasiri," kadhi akasema. "Siwezi kuuzuia msafara kwa shahidi mmoja. Ewe Suwaidi, wamjua mtu huyu?"

Suwaidi akamtazama Zuhairi. Zuhairi naye akamtazama, kisha akainamisha kichwa, maana alijua yamekwisha. Rumana alipoona vile, akashika nguzo.

Suwaidi akaomba maji, akatoka uani kutawadha. Mughira akamfuata nyuma nyuma, akamwinamia sikioni.

"Sheikh wangu, sikuombi useme uongo, hasha. Wewe na mtu huyu mna kinyongo, mji mzima wajua. Na mwenye kinyongo na mwenzake, uchamungu ni ajiepushe kumzungumza. Nyamaza tu, hakuna atakayekulaumu."

Oneni ujanja huo! Angemwambia adanganye, Suwaidi angemfukuza palepale. Lakini alimjia na dhambi iliyovaa kanzu na kilemba.

Suwaidi akatia maji kinywani mara ya kwanza, akatema. Mara ya pili, akatema. Mara ya tatu maji yakabaki kinywani, mashavu yamejaa. Mimi nikifika hapa moyo hunienda mbio, na mwisho naujua. Nafsi yake ilikuwa ikimwambia kwamba maneno ya Mughira ni maneno ya dini. Akaiuliza: lau shahidi huyu angekuwa rafiki yangu, ningejiepusha? Akaiuliza tena: ni lini nimemsikia Zuhairi akisema uongo? Akatafuta katika miaka yote aliyomjua, asipate hata mara moja. Alichokipata ni ile Ijumaa, na mtu mmoja aliyesema kweli mbele ya umati bila ya kutaraji hata asante.

Akatema maji. Akamgeukia Mughira, "Mwanangu, tangu niingie kazi hii najizoeza kunyamazia maovu ya watu. Kunyamazia wema wao sijawahi kujizoeza, na leo umri umekwenda, sitaweza kujifunza."

Palepale adhana ikaanza. Mzee wa watu akakusanya kanzu yake akakimbia! Watu wakampisha, muadhini anaendelea, na Suwaidi ambaye hakuna aliyepata kumsikia akipaza sauti, akapaza, "Mwadilifu! Zuhairi ni mwadilifu, nashuhudia hivyo mbele ya Mola wangu."

Kadhi akainua mkono. "Nimeambiwa una ugomvi naye."

"Ninao, miaka saba. Aliniambia kweli juu ya ukuta wangu mbele ya watu nami nikamchukia. Mtu asiyenionea haya mimi niliye hai, hawezi kumzulia aliyekufa."

"Basi nimetosheka," kadhi akasema. "Rumana ni huru, na binti yake ni huru."

Rumana hakungoja hati wala muhuri. Alitoka mbio miguu mitupu, Zuhairi mbele yake akinguruma wasimamishe ngamia, na kwa sauti ile, hata ngamia walisikia. Wa mbele alikwisha kuinuka. Lubna akateremshwa, akamkumbatia mama yake shingoni, akamtazama miguuni akauliza, "Mama, mbona umekuja bila viatu?" Wanaume wazima walilia pale langoni, tena wasafiri waliozoea jua na vumbi.

Zuhairi aliporudi, akamkuta Suwaidi anamngoja mkono umenyooshwa. Akaushika, akasema, "Sheikh, leo umesema vizuri, ila umechelewa." Suwaidi akacheka mpaka ndevu zikalowa machozi.

Ndugu zangu, uamuzi ule haukufanywa uani. Pale hapakuwa na nafasi, maji kinywani hayakai saa nzima. Ulifanywa katika kila siku aliyouosha ulimi wake kabla ya kumtaja mja wa Mwenyezi Mungu, na saa ya mtihani ilipofika ilimkuta tayari ni mtu wa namna hiyo. Sisi nasi itatukuta hivyo hivyo tulivyo.

Na kila mmoja wetu anaye mtu ambaye wema wake anaujua na hautaji. Mimi wangu yumo humu ndani, safu ya tatu. Tuinueni mikono tumwombe Mola atusafishe ndimi zetu, na tukishaitikia amina, naomba mnipishe njia nimfuate pale alipokaa.