Digidigi na Zamu ya Kujitambulisha

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama wakubwa kwa wadogo walipokuwa wakisoma darasa moja, Digidigi alihamia shule mpya.

Asubuhi ya kwanza, Mwalimu Mbuni akapiga makofi, pa! pa! "Simameni duara, tufahamiane! Nitarusha mpira. Atakayeupata ataje jina lake, alie kwa sauti ya kwao, kisha acheze. Atakayeshindwa atapanda juu ya meza acheze peke yake!"

"Hoyeee!" wakashangilia wakubwa.

Digidigi moyo ukampiga ndu! ndu! ndu! Akalirudia jina lake kimoyomoyo, Sikudhani, Sikudhani, mpaka likawa kama la mtu mwingine.

Tembo akapuliza mkonga, paaa! Punda akalia hadi madirisha yakatikisika. Fisi alianza kucheka hata kabla ya zamu yake. Kando ya Digidigi, Kobe alikuwa ameshaficha kichwa chote gambani.

Pu! Mpira ukatua miguuni pa Digidigi.

Macho yote yakamgeukia.

"Sema basi!" akafoka Fisi. "Au mezani?"

"Mezani! Mezani!" wakaitikia wakubwa.

Digidigi akaitazama ile meza. Ilikuwa ndefu kuliko yeye. Akasema, "Sauti ya kwetu ni ndogo mno. Bibi huniambia anaisikia mwenye masikio makubwa kuliko wote. Sijui hapa ni nani."

"Ni mimi, nani mwingine?" akasema Tembo.

"Wewe?" akadakia Punda. "Yako mapana tu, kama majani ya mgomba. Marefu haya hapa!"

"Marefu si makubwa, bwana!"

"Haya, tupime!"

Mwalimu akaleta rula. Wakapima, wakabishana, wakasukumana. Fisi naye akataka yake yapimwe. Digidigi alisimama palepale, akiomba asitokee wa kuukumbuka mpira.

Ngo! ngo! ngo! Kengele ikalia. Wakubwa wakatoka mbio, bado wanabishana.

Kobe akachomoza kichwa polepole. "Ahsante, dada. Kama si wewe, mpira ungenifikia na mimi." Akameza mate. "Naitwa Shomari. Nawe?"

"Sikudhani," akajibu, na jina likatoka lenyewe, bila kukwama.

Basi wanangu, shikeni hili: mwenye haya hakosi la kusema, hukosa wa kumwambia.