Kiboko Alivyomla Malkia wa Bi Pimbi

Wanangu, nigonge?
Gonga!
Nifungue?
Fungua, tuingie!

Mwaka huo mvua ilikataa. Mito ikakauka, ikabaki chemchemi moja mpakani. Nchi ya Mawe inaitaka, Nchi ya Bwawa inaitaka. Wakubwa wakaamua: vita isipiganwe, ichezwe sataranji, timu kwa timu. Watakaoshinda ndio watakaokunywa.

Timu zikatoka sare, ukabaki ubao wa mwisho: Bi Pimbi wa Mawe na Kiboko wa Bwawa. Bi Pimbi alikuwa na mtoto mgongoni, midomo imepasuka kwa kiu, hata kulia hawezi. Digidigi wa timu yake akaleta umande kidogo kwenye jani. Yeye mwenyewe hakuuonja.

"Mpe mtoto, shangazi."

Kiboko akacheka, ho! ho! ho! "We kapimbi, leo nakula kete zako zote, na ubao nautafuna!"

Bi Pimbi akasogeza farasi, tap! Kiboko akamla, kwachu!

"Jamani, farasi wangu!"

Akasogeza askari, tap! Kiboko akamla, kwachu!

"Jamani, askari wangu!"

Kila akiliwa, analia. Na machozi yalikuwa ya kweli, maana mtoto alizidi kulegea.

Akasogeza malkia, tap! Kiboko hakungoja. Akamnyakua, akamtia mdomoni. Ndipo akaona: anayeweza kumla malkia ni ngome peke yake, na ngome ndiyo inayomlinda mfalme wake kwa nyuma.

"Ah, namrudisha!" akasema, malkia shavuni.

Kobe, mwamuzi, akatikisa kichwa. "Ukimshika, unamla, bwana. Ndiyo sheria."

Ngome ya Kiboko ikaondoka. Ngome ya Bi Pimbi ikashuka mstari wa nyuma, tap! Mfalme wa Kiboko akageuka huku, askari wake. Akageuka kule, askari wake. Hana pa kutokea. Kwisha.

Hakuna aliyepiga makofi. Bi Pimbi akakimbilia chemchemi, akamlowesha mtoto midomo. Mtoto akafumbua macho.

Nyuma yao, Kiboko aliongoza watu wake kwenye vumbi. Vitoto vyake vikawa vinauliza, "Baba, sisi tunakunywa wapi?"

Bi Pimbi alisikia. Akamkumbatia wake, hakugeuka.

Basi wanangu, fundisho ni hili: mwenye nguvu akitaka chako, mpe. Tena mpe haraka, usimsumbue.

Ngano yangu naiweka chini. Aliyeipenda aiokote, aliyeichoka airuke.