Ndara za Otsune

Jongeeni, hadithi inapiga hodi. Na iingie!

Huko Japani, kileleni mwa mlima, pana hekalu kongwe la Budha. Hufikiwa kwa ngazi elfu moja, na kila anayefika hutundika langoni ndara zake za majani zilizochakaa, ziwe shahidi wa safari yake.

Basi palikuwa na tajiri mmoja, Kanezaemon, mwenye tumbo kubwa na haya haba. Alipanda, eti! Alipanda mgongoni kwa Otsune, mama mchukuzi. Ngazi ya mia akalalama, "Nimechoka!" Ya mia tano, "Nimechoka!" Ya mia tisa, "Nimechoka!" Aliyebebwa ndiye aliyechoka, aliyembeba alihema tu.

Langoni lilikaa zimwi jekundu, pua ndefu kama mchi. Likauliza, "Nani kapanda?"

"Mimi."

"Mbona ndara zako mpya?"

Mtu mzima hakuona aibu: akamvua Otsune ndara zake, akazivaa yeye. "Zangu ni hizi."

"Zako?"

"Zangu."

"Zako kweli?"

"Zangu, nimesema!"

"Haya, chukua," likacheka zimwi.

Ndara za mchukuzi zinajua kazi moja tu. Zikamng'ang'ania miguuni, zikamteremsha mbio hadi chini, na mgongo wake ukainama wenyewe kupokea mzigo. Otsune akaingia hekaluni peku, akaketi.

Mzigo wa kwanza wa Kanezaemon ulikuwa bwana mnene kama yeye. Walipofika ngazi ya mia, akalalamikiwa sikioni: "Nimechoka!"