Kahawa ya Idjwi

Mfinyanzi hushinda mchana kutwa akikanda udongo, akiuumba, akiuanika na kuuchoma, ili nyumba za watu zipate mitungi ya maji na vyungu vya kupikia. Jioni arudipo kwake, chakula chake hupakuliwa kwenye kipande cha chungu kilichopasuka. Si kwamba hajui kilicho kizuri; anakijua kuliko wote. Ila kizuri kina wenyewe, na wenyewe hawakosekani. Wahenga waliliona jambo hilo wakalifunga katika maneno matatu. Anayetaka kujua uzito wa maneno hayo, na asikilize yaliyomfika Blaise, mtengeneza kahawa wa Glenwood, mtaa wa jiji la Durban, pamoja na mama yake mzazi.

Mama huyo aliitwa Immaculée. Alizaliwa Idjwi, kisiwa kilicho katikati ya Ziwa Kivu, na kwa miaka thelathini na mmoja alilima na kuchuma kahawa katika miteremko ya huko. Matunda mekundu yaliyoiva vizuri yalikwenda kwa wanunuzi. Yaliyoelea majini na yaliyotobolewa na wadudu yaliuzwa sokoni kwa bei ya kutupa. Nyumbani, yeye na watoto walikunywa maji ya moto yenye mchaichai. Aliijua harufu ya maua ya mibuni, aliujua utelezi wa punje zilizotoka kumenywa, aliyajua maumivu ya mgongo ya msimu wa mavuno. Lakini kinywaji chenyewe hakuwahi kukitia kinywani. “Kahawa ni ya wanunuzi,” ndivyo walivyoambiwa tangu utotoni, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mumewe alipofariki, alimfuata mwanawe Durban. Blaise alikuwa amekwisha kupata jina katika duka moja la kahawa karibu na chuo. Watu walitoka mtaa wa Overport asubuhi na mapema, wakapita maduka matatu njiani, ili tu wanywe kahawa iliyopita mikononi mwake. Ila jioni alirudi chumbani amechoka tiki, na harufu ya kahawa ameikinai. Katika kabati lao mlikuwa na kopo la unga rahisi uliochanganywa na mizizi iliyokaangwa, nao ndio waliounywa kwa maziwa na sukari nyingi. Mama hakulalamika. Miaka saba ikapita hivyo.

Mwaka wa nane mama akaanza kupata taabu ya kumeza. Baada ya vipimo vingi, daktari aliwaketisha na kuwaeleza bila kuzungukazunguka: uvimbe ulikuwa kooni, ungeweza kutibiwa kwa mionzi, na tiba ingeanza Jumatatu ya wiki iliyofuata. “Kuna jambo moja mlijue,” aliongeza. “Mionzi itaondoa ladha mdomoni. Kwa wengine hurudi baada ya miezi. Kwa wengine hairudi.”

Walitoka hospitalini kama waliomwagiwa maji. Walipokuwa wamesimama kwenye robot, zile taa za barabarani, wakisubiri kuvuka, mama akauliza, “Blaise, ile kahawa ya kwetu iko na ladha gani?”

Blaise alidhani hakusikia vizuri. “Ya Idjwi? Mama, si wewe uliyeilima?”

“Niliilima. Mimi nakuuliza ladha.”

Taa ikawa ya kijani. Watu wakavuka, na wao wawili wakabaki pale pale. Blaise alihisi uso wake unawaka kwa aibu. Kwa miaka saba alikuwa amewatengenezea kahawa wageni asiowajua hata majina, na mwanamke aliyemlea kwa kahawa hajawahi kupewa kikombe kimoja.

Dukani kwao gunia moja tu la kahawa ya Idjwi lilikuwa limeingia mwaka ule, nalo lilikuwa limekwisha. Blaise alipekuapekua stoo hadi akapata pakiti ndogo iliyosahauliwa nyuma ya makopo: gramu mia moja. Akaipeleka nyumbani ameikumbatia kama yai.

“Tutakunywa wapi?” aliuliza mama, akiigeuzageuza pakiti mkononi.

“Popote utakapo, Mama.”

Mama akafikiri. “Kwetu nililala nikisikia maji. Hapa nasikia magari tu. Nipeleke mahali nilale nikisikia maji, halafu asubuhi uninyweshe.”

Deusdedit, rafiki yake Blaise, Mtanzania aliyekuwa fundi wa magari, alikuwa na karavani, kile kijumba cha magurudumu kinachofungwa nyuma ya gari. Kilikuwa kikuukuu, na ndani yake watu wawili hawakuweza kupishana bila mmoja kuketi. Ijumaa aliwavutia hadi kwenye kambi moja ya mapumziko kusini mwa jiji, mahali mto unapoingia baharini, akawaachia na kuahidi kuwafuata Jumapili. Blaise alishinda saa nzima akiweka mbao chini ya magurudumu mpaka maji yakatulia sawasawa ndani ya sufuria juu ya meza. Mama alicheka. “Hata nyumba ya askofu haikunyooshwa hivi.”

Usiku ule mama alilala akisikia maji.

Jumamosi kulipokucha, Blaise alipanga vifaa vyake nje chini ya turubai: jiko dogo la gesi, birika lenye mdomo mwembamba, mashine ya kusagia kwa mkono, mizani, na karatasi za kuchujia. Hata maji aliyatoa nyumbani, kwa kuwa maji ya bomba la pale yalikuwa na chumvi. Alipima gramu ishirini, akazisaga polepole, akamimina maji kidogo tu kwanza ili kahawa ivimbe na kupumua, kisha akaendelea kuyazungusha taratibu. Lakini upepo wa pwani ulikuwa umeupiga moto, na maji hayakuwa na joto la kutosha. Alipoonja kwa kijiko, akakunja uso. Ilikuwa chachu. Akaimwaga yote majanini.

“Mbona unamwaga?” aliuliza mama.

“Haikufaa, Mama. Nataka unywe iliyo sawa.”

“Mimi nilikuwa nimeshika kikombe,” mama alisema kwa sauti ndogo. Kweli, kikombe kilikuwa mikononi mwake, kitupu.

Blaise akahamishia jiko ndani ya karavani, akafungua madirisha ili gesi isiwadhuru, akaanza upya. Safari hii alisaga gramu kumi na tano. Maji yalichemka barabara. Kahawa ikavimba kama mkate, na harufu yake ikajaza kile kijumba, ikatoka madirishani, ikatembea kambi nzima.

Kabla hajamaliza kumimina, mlango uligongwa. Ni jirani yao wa karavani ya pili, mzee wa Overport aitwaye Fazel. Babu zake walitoka pwani ya Waswahili, huko kaskazini, zamani, naye alikuwa amebakiwa na Kiswahili cha kubabaisha alichokipenda kama urithi. Nyuma yake alisimama mkewe, Naseema, na shemeji zao wawili waliolala kwao usiku huo.

“Eish, kijana! Harufu gani hii? Sisi tumelala, pua zimeamka!”

Blaise alisita. Aliitazama pakiti, akamtazama mama yake. Lakini mama alikuwa amekwisha kunyanyuka. Kwao Idjwi mgeni aliyefika mlangoni wakati wa chakula haulizwi amekuja kufanya nini.

“Karibuni, karibuni! Blaise, wape.”

Basi Blaise akawapa. Kikombe cha kwanza kikaenda kwa mzee Fazel. Akasaga tena, na tena, na tena. Na hapa ndipo alipojisahau, maana mzee Fazel alifumba macho kwa kila funda, na mmoja wa shemeji alisema hajawahi kunywa kahawa ya namna hii katika maisha yake. Sifa ni pombe isiyohitaji glasi. Blaise alinyooka mgongo, akaeleza habari za joto la maji, za usagaji, za kisiwa kilichotoa punje zile. “Aliyelima kahawa ya huko ni mama yangu huyu,” alisema kwa fahari, na wote wakamgeukia mama na kumpigia makofi. Mama aliinamisha kichwa. Alikuwa ameshika beseni, anasuuza vikombe.

Wageni walipokwisha kuondoka ndipo Blaise aliposhtuka, kama mtu aliyekosea ngazi gizani. “Mama, wewe ulikunywa?”

“Wageni walikunywa vizuri,” mama alijibu.

Blaise akaiweka pakiti juu ya mizani. Zilibaki gramu ishirini. Siku ile yote alikaa kwenye ngazi ya karavani akiutazama mdomo wa mto, akijilaumu kimoyomoyo; na mama, aliyemfahamu tangu tumboni, alimletea sahani ya wali na samaki akamwambia, “Kula. Kesho nayo ni siku.”

Jumapili alfajiri Blaise aliamka na mkono mwepesi. Hakuzungumza, hakuharakisha, hakumwaza mtu mwingine yeyote. Alizisaga zile gramu ishirini za mwisho kama anayetimiza nadhiri. Aliyamimina maji kwa uzi mwembamba usiokatika, na kahawa ikadondoka nyekundu iliyoiva, ikimeta kwa nuru ya dirishani. Alionja tone moja lililobaki kwenye kijiko. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kutengeneza kahawa kama ile. Ilikuwa tamu bila sukari, na nyuma yake kulikuwa na kitu kama tunda na kitu kama ua.

Akaiweka mbele ya mama yake kwa mikono miwili. “Mama, yako.”

Mama aliinusa kwanza. Macho yake yakajaa machozi. “Maua,” alisema. “Maua ya mwezi wa tisa.” Akakizungushia kikombe vidole vyake, akisubiri kipoe kidogo, maana koo lake halikuweza tena kuvumilia joto kali.

Hapo mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa Naseema, amevaa kanga juu ya nguo za kulalia, miguu mitupu, midomo inamtetemeka. “Ni dada yangu Khadeeja,” alisema. “Wamepiga simu. Amefariki. Fazel anafunga karavani, mikono yake haishiki. Mimi sijui… sijui nifanye nini.”

Mama Immaculée alisimama, akamshika mabega, akamketisha pale alipokuwa ameketi yeye. Kisha akakichukua kile kikombe, akakiweka katika mikono ya yule mwanamke na kuifunika kwa mikono yake mwenyewe ili isitikisike.

“Mama,” Blaise alisema, “hiyo ni…”

“Nenda kamsaidie mzee kufunga gari.”

Blaise hakuondoka. Alisimama mlangoni akamwona Naseema akinywa. Alikunywa bila kujua anakunywa nini, kama mtu anyweshwaye dawa, funda baada ya funda, macho yake yako kwingine kabisa. Akamaliza hadi tone la mwisho. Taratibu mikono yake ikaacha kutetemeka, rangi ikarudi usoni, na ndipo alipoweza kulia. Mama alimshika kichwa, akamwacha alie. Baadaye Blaise alikwenda kumsaidia mzee Fazel, wakafunga karavani, na gari lao likaondoka likipanda kilima kuelekea jijini.

Aliporudi, alimkuta mama yake ameyaweka maji mengine jikoni. Ile karatasi yenye machicha ya kahawa ilikuwa bado iko kwenye kichujio, na mama alikuwa akimimina maji juu yake kwa subira, kama alivyomwona mwanawe akifanya. Kilichodondoka kikombeni kilikuwa maji ya rangi ya majani makavu.

“Mama, acha. Usinywe hayo.”

“Kwa nini nisinywe?”

“Ulijua kesho ni nini. Ulijua hakuna nyingine. Kwa nini ulimpa?”

“Nilijua, Blaise. Lakini yule alikuwa anatetemeka.” Akanywa funda moja, akalimeza kwa shida.

“Iko na ladha gani?” Blaise aliuliza, bila kuthubutu kumtazama.

“Ya maji yaliyopita karibu na kahawa,” mama alisema. Akanywa yote.

Siku iliyofuata tiba ilianza. Ilikuwa wiki saba za taabu, na mama alikonda hadi akabaki mifupa. Lakini alikuwa mwanamke wa miteremko, akavuka. Uvimbe ukaisha. Daktari akampongeza, na kanisani kwao wakaimba. Ladha tu haikurudi. Chumvi, sukari na pilipili vyote vikawa kitu kimoja mdomoni mwake.

Mwaka ukazunguka. Asubuhi moja gunia jipya la Idjwi likaingia dukani. Blaise aliomba ruhusa, akachota punje akiwa wa kwanza kabla ya mteja yeyote, akakimbia nazo nyumbani. Akapima, akasaga, akamimina kwa mkono ule ule. Akamwekea mama yake mbele kwa mikono miwili, akapiga magoti sakafuni kumtazama akinywa.

Mama alikunywa funda la kwanza. Akanywa la pili. Alitafuta mdomoni, mtu aliweza kumwona akitafuta, kama atafutaye ufunguo katika nyumba aliyohama. Kisha akamwekea mwanawe mkono kichwani.

“Iko moto,” alisema. “Asante, mwanangu. Iko moto vizuri.”

Blaise aliinua kile kikombe akanywa kilichobaki, na kilikuwa kitamu kuliko awezavyo mtu kueleza; naye akalia pale sakafuni, akijua kwamba waliosema hawakukosea: mfinyanzi hulia gaeni.