Kiboko Alipokagua Shule ya Msingi Matopeni

Paukwa!

Pakawa!

Kengele ya shule?

Ngo! Ngo! Ngo!

Aliyechelewa nani?

Si mimi, ni jirani!

Basi jirani na akae chini, na wewe uliyekaa kaa vizuri, maana ngano hii inaniwasha ulimi tangu asubuhi, na nisipoitoa leo nitapasuka.

Hapo kale kulikuwa na shule ya umma kando ya mto, ikiitwa Shule ya Msingi Matopeni. Ilikuwa shule ya watoto wote: wa Digidigi, wa Ngiri, wa Kobe, hata wa Kicheche, ingawa hao waliombwa wakae karibu na dirisha. Paa lake lilikuwa la nyasi, nalo lilivuja upande wa Darasa la Tatu, ndiyo maana Darasa la Tatu wote walijua kuogelea. Ukuta wa kujivunia haukuwepo. Lakini ukipita pale asubuhi utasikia, "Ba, be, bi, bo, bu!" na mwangwi wa mto unaitikia, "Bu! Bu! Bu!" Raha ilioje!

Mwalimu mkuu alikuwa Pimbi. Mnamjua Pimbi? Yule mnyama wa mawe, mdogo, mnene kidogo, mkia wake haufai hata kutajwa. Ili aufikie ubao, Mwalimu Pimbi alipanda juu ya jiwe, na akitaka kuandika mstari wa juu kabisa, alipanda jiwe juu ya jiwe. Kwa kimo wengi walimdharau. Kwa kusomesha hakuna aliyemfikia.

Na shule yake ilikuwa na desturi moja, ishike hiyo desturi usiiachie: kila karatasi iliyoandikwa ni lazima iwe na jina la mwandishi chini, pamoja na darasa lake. Karatasi isiyo na jina Mwalimu Pimbi haisomi, hata iwe imeandikwa kwa dhahabu.

Siku moja Njiwa akaleta barua. Mwalimu akaifungua, akasoma. Mkaguzi wa shule anakuja kesho kutwa. Shule nzuri itaendelea. Shule itakayopata sifuri itafungwa, na uwanja wake utageuzwa malisho.

Malisho ya nani? Barua haikusema. Lakini mkaguzi mwenyewe alikuwa Kiboko, na Kiboko aliishi mtoni pale pale, akiyatazama majani mororo ya uwanja wa shule kila siku na kumeza mate. Fisi kapewa bucha, japo siku hiyo fisi mwenyewe hakuwepo!

Mwalimu Pimbi akaiweka chaki chini. Shule nyingine ilikuwa ng'ambo ya mto, na mtoni walikuwa mamba. Matopeni ikifungwa, wale watoto hawatasoma tena, basi. Aliogopa, nakwambia, aliogopa kweli.

Shule nzima ikafanya kile ambacho kila shule hufanya ikisikia mkaguzi anakuja. Ikafanya nini? Ikapaka mawe chokaa! Wakapaka mawe ya njiani, wakapaka mawe ya kwenye maua, wakapaka mawe ya chini ya bendera.

"Mwalimu! Mwalimu! Hili jiwe linatembea!"

Kumbe ni mtoto wa Kobe, alisinzia njiani naye akapakwa.

Siku ikafika. Watoto mstarini, kimya. Maji ya mto yakapasuka, pwaaa! Kiboko huyo! Tope linadondoka, cho, cho, cho. Ardhi inatikisika, tim, tim, tim.

"Shikamoo, Bwana Mkaguzi!" wakaamkia watoto kwa pamoja.

"Marahaba. Chakula kipo?"

"Karibu sana, bwana," akasema Mwalimu Pimbi. "Chakula kipo. Ila tuanze na kitabu cha wageni."

Kiboko akakipokea kitabu. Akakishika juu chini, chini juu. Akakitazama kwa muda mrefu akitikisa kichwa. "Mmmh," akasema. "Mmmmh!" Kisha akauinua mguu wake wenye tope na kuukandamiza kwenye ukurasa, bof!

"Sahihi yangu hiyo," akasema.

Mwalimu Pimbi akalitazama lile tope. Akamtazama Kiboko. Akalitazama tena lile tope. Moyo wake uliokuwa umelala ukaamka na kuanza kuruka ruka. Alikifunga kitabu taratibu na kumwongoza mgeni bustanini.

Bustani ya shule ilikuwa na mchicha, ilikuwa na matembele, ilikuwa na maboga manene. Kiboko akainamisha kichwa. Nyam, nyam! Kurubu, kurubu! Alipokiinua, kulikuwa na udongo mtupu.

"Nimeona, nimeonja, haifai!" akasema. "Shule haina bustani."

"Lakini Bwana Mkaguzi, bustani ilikuwa hapa sasa hivi."

"Ilikuwa! Mimi nakagua yaliyopo, sikagui yaliyokuwa. Twende."

Wakaenda jikoni. Mama Ngiri, mpishi wa shule, alikuwa ameinjika sufuria kubwa ya uji wa watoto. Kiboko akatia mdomo. Fyooooo! Sufuria ikabaki inang'aa.

"Nimeona, nimeonja, haifai! Watoto hawapati uji."

Mama Ngiri akaukaza mwiko mkononi, akapiga hatua. Mwalimu Pimbi akamdaka mkono na kumnong'oneza, "Subiri, dada. Subira yavuta heri."

"Heri ipi? Uji wangu uko tumboni kwake!"

"Subiri tu."

Wakaenda darasani. Kiboko akasema hakagui darasa akiwa amesimama, akaketi kwenye dawati. Kwachu! Akahamia la pili. Kwachu! Akahamia la tatu. Kwachu!

"Nimeona, nimekalia, hayafai! Madawati yote mabovu."

"Bwana Mkaguzi," akasema Mwalimu Pimbi kwa upole, "watoto hutawauliza wanajua nini?"

Kiboko akacheka mpaka nyasi zikapukutika kutoka paani. "Wanajua nini? Mwalimu, nina miaka kumi katika kazi hii. Sijawahi kumuuliza mtoto swali, na sijawahi kukosea. Shule ni bustani, uji na madawati. Hawa hawajui kusoma wala kuandika, nawaona kwa macho. Alama ni sifuri. Bibi Tembo akifika mchana kuonana na wazazi, nitamweleza kwa mdomo, naye atanipa uwanja. Yaani, ataufunga."

Bibi Tembo ndiye aliyekuwa Mkuu wa Pori, na neno lake lilikuwa la mwisho.

Mwalimu Pimbi akashika shavu. "Kwa mdomo, bwana? Msomi kama wewe?"

"Kwa mdomo kuna ubaya gani?"

"Mimi nakuonea huruma tu. Anayepewa uwanja kwa mdomo, kesho hunyang'anywa kwa mdomo. Lakini anayepewa kwa maandishi! Huyo atakula yeye, watakula wanawe, watakula wajukuu, na hakuna wa kumgusa. Lakini kama hutaki, basi."

Macho ya Kiboko yakameremeta. Akayatazama majani ya uwanja. Akaona wajukuu zake wote wanene. Kisha akakunja uso.

"Maandishi nayapenda sana," akasema. "Tatizo, nimesahau miwani. Halafu mguu huu wa kuandikia una baridi yabisi."

"Ooo, pole sana, bwana! Hilo dogo. Wewe utaje, sisi tutaandika. Siwema!"

Siwema binti Nungunungu wa Darasa la Pili akatoka mbele. Akapeleka mkono mgongoni, akachomoa mwiba mmoja, fyut! Akauchovya kwenye masizi ya sufuria yaliyokorogwa na maji. Kalamu hiyo.

Mwalimu Pimbi akamwinamia sikioni. "Andika kila neno atakalosema. Usiongeze, usipunguze. Ukimaliza, fanya kama tunavyofanya siku zote."

Kiboko akataja, Siwema akaandika. Kwaru, kwaru, kwaru. Kiboko akataja, Siwema akaandika. Kwaru, kwaru, kwaru.

"Umemaliza?"

"Bado nukta, Bwana Mkaguzi."

"Weka nukta kubwa! Iwe ya mafuta!" akasema Kiboko, na chini yake akakandamiza mguu, bof!

Mchana Bibi Tembo akafika. Wazazi wakajaa uwanjani, wengine wamebeba watoto mgongoni, wengine wamebebwa na watoto. Shikamoo zikapigwa, marahaba zikaitikiwa. Kiboko akajitokeza na karatasi yake, kifua mbele.

"Ripoti hii umeiandika mwenyewe?" akauliza Bibi Tembo.

"Kwa mguu wangu mwenyewe, Bibi! Toka herufi ya kwanza mpaka nukta ya mafuta!"

Bibi Tembo akasoma kwa sauti. "Shule haina bustani. Watoto hawapati uji. Madawati ni mabovu. Watoto hawajui kusoma wala kuandika, hata majina yao. Alama ni sifuri. Shule ifungwe, uwanja apewe Kiboko na wajukuu zake."

Wazazi wakaguna. Mama Digidigi akaanza kulia. Mwalimu Pimbi alisimama juu ya jiwe lake jeupe, roho mkononi, maana hila ni hila, lakini hakuna anayejua itaangukia wapi mpaka imeanguka.

"Lakini mwandiko huu!" akasema Bibi Tembo. "Herufi zimepangika kama shanga. Hongera, Mkaguzi, sikujua."

"Ni kawaida yangu," akasema Kiboko, akavimba.

"Naona kuna mstari mwingine hapa chini ya tope lako."

"Usome, Bibi! Soma yote, usiache kitu!" akasema Kiboko, akidhani ni mambo ya uwanja yanaendelea.

Bibi Tembo akaiinua karatasi juu. "Imeandikwa na Siwema binti Nungunungu, Darasa la Pili, Shule ya Msingi Matopeni."

Kimya! Hata inzi wa Kicheche walinyamaza.

"Mkaguzi," akasema Bibi Tembo polepole, "kama watoto hawajui kuandika, nani kaandika kwamba hawajui kuandika? Na kama umeandika wewe, tangu lini unaitwa Siwema?"

"Uzushi!" Kiboko akabweka. "Mtoto kaongeza!"

"Basi chukua utusomee ulichoandika wewe."

"Ningesoma, Bibi, ila sina miwani."

"Miwani hii hapa," akasema Bundi kutoka kwa wazazi, akaivua yake.

Kiboko akaivaa. Akaipokea karatasi. Akaishika juu chini, chini juu. "Mmmh," akasema. "Mmmmh!"

Mtoto wa Digidigi, wa Darasa la Kwanza, aliyeanza shule wiki iliyopita tu, akanyoosha kidole. "Mwalimu! Ameigeuza!"

Loo! Watoto kwa-kwa-kwa! Wazazi kwa-kwa-kwa! Mama Digidigi akacheka na machozi yake bado mashavuni. Mama Ngiri naye akaona saa yake imefika, akaja na mwiko juu.

"Gonga hilo tumbo, Bibi! Usikie uji wa watoto!"

Bibi Tembo akaligonga kwa mkonga. Bwata, bwata, bwata! Kiboko akafumbua mdomo ajitetee, na jani la tembele likaonekana limening'inia kwenye jino.

"Siwema," akaita Bibi Tembo. "Soma karatasi hii."

Siwema akasoma. Alipofika katikati Darasa la Pili lote likaungana naye, kisha Darasa la Tatu, kisha shule nzima, wakisoma kwa sauti moja kwamba hawajui kusoma. Mwalimu Pimbi hakuweza kujizuia. Aliruka juu ya jiwe lake akapiga vigelegele, mwalimu mkuu mzima, mbele ya wazazi, na hakuona aibu hata chembe.

Hukumu ikatoka hapo hapo. Shule ibaki. Uwanja ubaki. Kiboko alime upya bustani na atengeneze madawati. Na kuanzia kesho aandikishwe Darasa la Kwanza.

Lakini dawati la kumbeba liko wapi? Basi akasomea mtoni. Mwalimu Pimbi alikaa ukingoni juu ya jiwe, akasema, "Haya, sema A."

Kiboko akapanua kinywa. "Aaaaaaa!"

"Vizuri sana. Sasa sema E."

Kiboko akafikiri. Akafikiri tena. Akapanua kinywa. "Aaaaaaa!"

Ndiyo maana mpaka leo ukipita mtoni utamkuta Kiboko kapanua kinywa. Watu husema anapiga miayo, wengine husema amekasirika. Waongo hao! Yuko kwenye herufi ya kwanza. Na ukitazama juu ya mawe ya ukingoni utamwona Pimbi ametulia, anasubiri E.

Na funzo la ngano hii, watoto wangu, ni lipi? Funzo ni kwamba ukitaka kujua kama shule ni nzuri, usijisumbue kuwauliza wanafunzi chochote. Tazama mawe. Mawe yakiwa meupe, shule ni nzuri. Na jiwe likiwa jeupe halafu linatembea, basi hiyo shule haina mfano!

Ubao nimeufuta, chaki nimeikung'uta, ngano yangu imekwisha. Ikikunogea, mpelekee jirani aliyechelewa. Isipokunogea, niandikie ripoti, ila jina lako uliweke chini.