Nyumba Iliyobaki Uani

Hapo zamani, tena msinikatize, palikuwa na mji wa wachoma chokaa. Nyumba zao zilibanana, na giza lake si la mchezo: saa sita mchana mtu anawasha koroboi ili auone ugali wake. Liwali akaona aibu, akatoa kiwanja na mawe ya nyumba ishirini kwa familia ishirini.

Mchoraji wa nyumba alikuwa Bi Mwantumu. Siku saba alishinda kiwanjani akifuata kivuli kwa kipande cha mkaa, ndipo akasema, "Nyumba zizunguke ua mmoja wa wote, kila mlango upate jua." Lakini ua ule ulimeza nafasi ya nyumba moja. Watu wakaguna. Akasimama Zaituni, mjane mwenye watoto wawili. "Nipunguzeni mimi. Nitajibanza kwa shemeji."

Fundi Chande akajenga. Kila nyumba akaitia ukuta wa mbao unaosogea: mwana akioa, unagawa, wageni wakija, unafungua. Siku ya mwisho ya kuezeka akaanguka, mguu ukavunjika, na ufundi ukaishia hapo.

Jamani, ua ule! Mimi naupenda hadi leo. Wanawake wanatwanga pamoja, harusi ni ya wote, mtoto anakula kwenye sufuria iliyo karibu. Vikongwe wanaota jua milangoni mwao, wamenawiri.

Mwaka wa pili nyumba moja ikabaki wazi. Mwenyewe kahamia kwa bintiye. Liwali akasema, "Apewe aliyeufanya ua huu." Wakaja watatu.

"Mimi niliwaletea mwanga," alisema Bi Mwantumu, "na chumbani kwangu giza linanimaliza macho. Kuchora siwezi tena."

"Mimi nilitoa nyumba yangu," alisema Zaituni, "na sasa shemeji ananifukuza na wanangu."

"Mimi nilitoa mguu," alisema Chande. "Nalala barazani kwa watu."

Najua, mtasema si kuna ukuta wa kusogeza? Liwali aliusogeza kwa mkono wake. Vikatoka vyumba viwili vya kutosha familia moja moja tu, kila kimoja na dirisha lake. Akaazima ukuta wa jirani, akagawa vyumba vitatu. Chumba cha kati kikawa giza totoro.

"Ondoa!" alipiga kelele Bi Mwantumu. "Humo hakai mtu, hata mimi!"

Basi vyumba ni viwili, na watu wamesimama watatu. Je, akina nani walistahili kuingia? Na yule wa tatu, nani kati yenu atamtazama usoni amwambie abaki nje?