Dele la Bi Mize na Viboko vya Sultani

Palikuwa na Sultani mmoja, Sultani Kombo, ambaye hakuna kitu kilichomkosesha usingizi kama vikongwe. Si maadui. Si njaa. Si kisima cha mji kilichoingia chumvi. Vikongwe! Alisema mwanamke akishazeeka adabu humtoka: anacheka kwa sauti, anawakatiza wanaume maneno, anakaa amekunja nne. Mwanamume akizeeka, alisema, huongezeka hekima. Na hekima hiyo sote tuliiona: wazee wetu walishinda barazani wakisinzia, kwa kuwa wake zao wamewafukuza nyumbani wapate kufagia.

Aliyemkera zaidi ni Bi Mize. Huyu alijaliwa mtoto mmoja tu, akafa angali ananyonya. Mumewe alikuwa muuza kahawa. Naye alipokufa, Bi Mize alilishika dele la kahawa, akagonganisha vikombe, akaendelea kuuza. Kazi ya kiume hiyo, jamani! Lakini kahawa yake ilishinda ya marehemu, basi wanaume wakaridhika kusikitika huku wanakunywa.

Siku moja mbiu ikapigwa: "Kila mwanamke mzee awe na mwanamume wa kumjibia, mume, baba, ndugu au mwana! Mwanamke akitamka upuuzi, huyo mwanamume atachapwa viboko! Asiye na mwanamume, nyumba yake itafungwa, naye atapepeta mchele jumbani mpaka afe!"

Bi Mize akamimina kahawa. "Masikini Sultani wetu. Kaishiwa na maadui, sasa anapigana na bibi zake. Kichwa kile kimebeba kilemba tu."

Neno halikulala njiani. Kabla ya adhuhuri alikwisha kufikishwa jumbani, na dele lake mkononi.

"Wewe kizee," akanguruma Sultani, "umesema kichwa changu kimebeba kilemba tu?"

"Wamekufikishia nusu, Maulana. Nilisema pia kilemba chenyewe kizuri."

"Umri wako ni wa kukaa ndani na tasbihi!"

"Na umri wako, Maulana?"

"Mimi ni mwanamume!"

"Astaghafirullah, nilisahau. Mwanamume hazeeki. Hupaka ndevu hina, mambo yakaisha."

Baraza zima likashikwa na kikohozi.

"Nani atakujibia?" Sultani akafoka. "Mume kafa. Baba yuko wapi?"

"Kazikwa."

"Ndugu?"

"Kazikwa ubavuni mwa baba."

"Mwana?"

Hapo Bi Mize akainamia dele lake, na si mwanamke wa kuinama yule. Kwa kweli tulimwonea huruma. Nyumba yenyewe ndogo, ina mlango mmoja, lakini ilikuwa yake.

Sultani akatabasamu. "Mleteeni ungo aanze kupepeta."

"Taratibu, Maulana. Niliyemzaa nilimzika. Lakini yule aliyeyamaliza maziwa ya marehemu mwanangu yuko hai, na mashavu yake hayo, mashallah."

Sultani akamgeukia Kadhi Mbwana, mzee kuliko wote pale. "Kadhi, mtoto aliyenyonyeshwa na mwanamke asiyemzaa ni mwana?"

"Ni mwana, Maulana. Hawezi kumwoa mama huyo, wala kumwoa binti yake. Sheria haina shaka."

"Basi amri yangu inampata?"

"Amri ni yako, Maulana. Umesema mwana."

Sultani akapiga kiti kwa furaha. Nyumba ingemponyoka, lakini mgongo wa mtu alikuwa ameupata. "Wallahi, mbele ya baraza hili, awe nani awe nani, leo hii atalala chini achapwe! Hata awe Waziri!"

Waziri akarudi nyuma kidogo, akijaribu kumkumbuka mlezi wake.

"Mtaje!"

"Nitamtaja. Lakini kwanza nikuulize, Maulana. Kila Idi unatuhutubia kwamba mama yako, Mungu amrehemu, alikosa maziwa, ukanyonyeshwa na mwanamke wa mjini, ndiyo maana unatujua sana sisi raia wako."

"Naam! Ni fahari yangu!"

"Na huyo mwanamke, uliwahi kumuuliza jina?"

Sultani akamtazama Kadhi, na Kadhi akatazama makubadhi yake.

"Kadhi!"

"Ndiye huyu, Maulana. Mji mzima unajua. Wewe tu hukuuliza."

Mchapa viboko alisimama na kiboko chake, hajui amtazame nani. Bi Mize akaweka dele chini, akajikalia mkekani, akakunja nne.

"Haya, mwanangu, umeapa. Vua kanzu ulale. Usinionee haya, winda lako la utotoni nililifua mimi."